Sura ya Wakuru kwenye Ukurasa Usiopatikana

Jumatatu, 2 Desemba

Linki ya fomu ya kujiunga bado imekufa. Tangu tuhamishe tovuti ya shule mwezi uliopita, mzazi akifungua ile anwani iliyochapwa kwenye barua anakuta maandishi tu: Samahani, ukurasa huu haupatikani. Halafu ananipigia mimi. Mkuu wa shule anajua kemia, tovuti hajui, lakini kila asubuhi ananiuliza, mwalimu, imepona? Nimemwambia leo jioni.

Saa nne wamekuja watu wawili kutoka Guta. Mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi. Nyuma yake mwanamke amejifunga kitenge. Mwanaume ni baba mdogo wa binti anaitwa Wakuru, miaka kumi na tatu, kamaliza la saba mwaka huu. Mwanamke ndiye mama mzazi. Baba wa mtoto alishafariki. Wakuru hajaonekana hii wiki ya pili. Wamesikia shule yetu inajulikana mpaka mbali, wanaomba tumtangaze. Barua ya mwenyekiti wao wa kijiji wanayo, ina muhuri. Picha wanayo.

Mama hakusema kitu. Nilimpa maji, akashika kikombe tu.

Jioni nikakumbuka nilisomaga mahali kwamba kuna nchi wanaweka picha za watoto waliopotea kwenye kurasa zisizopatikana. Mtu hakupata alichotaka, basi angalau aone sura ya mtoto anayetafutwa. Nimeweka. Picha, jina, sketi aliyovaa, namba ya simu ya baba mdogo. Picha yenyewe nimewarudishia.

Linki sijatengeneza.

Jumanne, 3 Desemba

Sijatengeneza makusudi. Niandike hivyo hivyo nisijidanganye. Ile ndiyo linki inayofunguliwa na kila mtu. Nikiitengeneza, Wakuru ataonwa na nani?

Mkuu nimemwambia tatizo liko kwa wenye mtambo wa tovuti, Dar. Ameamini.

Ijumaa, 6 Desemba

Mzazi mmoja wa Bunda kanitukana vizuri tu. Anataka fomu, mimi nampa mtoto wa watu. Nikamuuliza kama ameiangalia hiyo picha. Akasema picha gani. Nimechoka kabisa. Watu wanafika pale wana haraka na wana hasira, nani atatulia kukariri sura?

Baada ya saa moja yule yule akatuma meseji: huyo binti ana kovu kwenye nyusi au ni kivuli? Kumbe kaona.

Sielewi. Inasaidia au haisaidii?

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani Makoko. Mama mmoja wa kwaya kanivuta pembeni, eti kwa nini wanafunzi wanatoroka shuleni kwetu. Kaona sura ya mtoto, juu yake kuna nembo ya shule, kajumlisha mwenyewe. Nimemweleza mara mbili. Kaitikia, lakini macho yake hayakuitikia.

Na hakuona kwenye tovuti. Kuna mtu alipiga skrinshoti, sasa inazunguka kwenye magrupu. Kama kazi inafanywa na magrupu, mimi linki naiacha imekufa ya nini? Lakini aliyepiga skrinshoti aliitoa wapi? Kwetu. Nazunguka tu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimefua. Nimemuwaza yule mama na kikombe chake.

Jumanne, 10 Desemba

Saa nane baba mdogo kapiga. Mwalimu, Mungu akubariki, Wakuru kaonekana Butiama, mtu wa duka kaitambua picha yenu. Kesho anakwenda kumchukua.

Nimelia. Nimejisikia mtu. Nikaenda kwa Mkuu nikamweleza ukweli wote, pamoja na uongo wa Dar. Kanigombeza nusu, nusu nyingine kaenda kutangaza ofisi ya walimu kwamba shule yetu imepata mtoto.

Saa tisa na nusu simu nyingine. Mwanamke, sauti ya chini, hana salamu ndefu. Ni mlezi wa nyumba salama huko Butiama, wanapokimbilia mabinti msimu huu wa kukeketa. Wakuru yuko kwake tangu siku aliyoondoka Guta. Ukoo ulishapanga siku yake, na baba mdogo ndiye msimamizi. Mlezi alikuwa anafungua tovuti yetu kutafuta fomu, fomu ya Wakuru huyo huyo asome mwakani, akakutana na Wakuru mwenyewe anamwangalia.

Kaniuliza swali moja. RB ya polisi namba ngapi?

Sina RB, ile namba unayopewa ukiripoti polisi. Sikuuliza. Hapa ofisini barua ya mwenyekiti inatosha kwa kila kitu, msiba, uhamisho, ada kuchelewa. Niliona muhuri, akili ikafunga. Mwenyekiti mwenyewe kaandika alichoambiwa. Mlezi anasema polisi wanajua binti aliko tangu siku ya kwanza, ndiyo maana baba mdogo kwao hakwenda. Alikuja kwangu.

Nimempa mlezi habari ya duka na ya kesho. Akasema ondoa picha. Nimeondoa saa hiyo hiyo. Najichukia.

Jumatano, 11 Desemba

Kutoa kwenye tovuti ni dakika moja. Kwenye magrupu haitoki.

Wananiuliza, kwani kapatikana? Nikisema ndiyo, watauliza wapi. Nikisema bado, wataendelea kusambaza. Nikaandika: Tangazo limefutwa, tafadhali msisambaze. Wakalisambaza hilo pia, na picha chini yake.

Baba mdogo alifika Butiama asubuhi. Alisimama dukani anaulizia nyumba moja moja, skrinshoti iko mkononi. Wale polisi wa dawati la jinsia walishapigiwa na mlezi jana. Wamemkuta pale pale, wakaondoka naye kituoni kumhoji. Wakuru amehamishwa alfajiri. Nikauliza kahamishiwa wapi. Mlezi akasema, dada, wewe usiulize tena kitu. Nimeumia. Halafu nikaona ana haki.

Alhamisi, 12 Desemba

Linki nimetengeneza. Dakika kumi tu. Fomu inafunguka, simu zimenyamaza.

Mkuu anataka nimwandikie kama tuendelee na picha, safari hii kwa watoto waliothibitishwa na polisi tu, na namba ya polisi, siyo ya ndugu. Nimeandika nusu ukurasa wa kukubali. Nimeandika nusu ukurasa wa kukataa. Nikisoma huu naona sawa, nikisoma ule naona sawa. Mtoto aliyepotea kweli angekuwa nyumbani ndani ya siku nane. Hata huyu karibu afikishwe kwa wakeketaji. Picha imefanya kazi yake vizuri sana, hilo ndilo linalonitisha. Karatasi iko mezani, sijasaini upande wowote.

Jumatatu, 16 Desemba

Namba ngeni. Mama Wakuru, kwa simu ya jirani yake.

Nilijiandaa kutukanwa. Hakutukana. Anaongea polepole, anatafuta maneno. Kasema ni yeye aliyempa binti nauli na kumwelekeza njia. Siku ile ofisini aliletwa tu, shemeji yake alitaka mama aonekane. Angefungua mdomo, angejulikana. Mimi niliona uchungu, kumbe ni woga. Shemeji karudi, kaonywa na polisi, haongei na mtu. Msimu unaisha.

Kasema nimefanya vizuri kutoa ile picha. Kasema mara mbili. Nikasema pole mama.

Halafu akasema tangu mtoto aondoke hajamwona wala kumsikia sauti, anaogopa akipiga ukoo utajua mtoto aliko. Yule jirani alimwonyesha pa kubonyeza kwenye simu yake. Mwalimu, mimi nilikuwaga naifungua kila nikienda naye gulioni, namwangalia kidogo, nafunga. Jana nimefungua, imekuja fomu. Sasa nitakuwa namwonaga wapi?

Wiki mbili nimehesabu walioangalia, nikawagawa wenye faida na wenye hatari. Yeye sikumweka popote.

Nikamuuliza kama ana picha nyingine. Hana. Ile ilikuwa moja, iko kwa shemeji. Nikasema nakala ninayo kwenye kompyuta, nitamtolea, nimletee mwenyewe Guta Jumamosi.

Kashukuru. Kabla ya kukata akasema iwe ndogo, ienee ndani ya Biblia.