Mzee Mbwambo hakuwa anaigiza

Same, Alhamisi

Nilimpita. Mzee Mbwambo alikuwa amelala pale juani, nami nikasema kwa sauti, "Huyu mzee anajua kuigiza!" Wenzangu wakacheka.

Leo kwenye mafunzo ya uokoaji tulifanya zoezi la maporomoko ya ardhi. Yeye na wengine walijifanya majeruhi, sisi tukawa waokoaji. Mwalimu ametuambia tangu Jumatatu kwamba anayepiga kelele bado ana pumzi, tuanze na aliye kimya. Mimi nikawakimbilia waliokuwa wakilia, kwa sababu watu walikuwa wanatutazama.

Mwenzangu Nakijwa ndiye aliyeinama akamgusa. "Jamani, huyu amezimia kweli!"

Mzee ana kisukari, na hakuwa ametia kitu tumboni tangu ashuke mlimani alfajiri. Na jua lenyewe hili la Same.

Tulimkimbiza hospitali. Nilikaa naye mpaka akafumbua macho. Mungu ni mwema, lakini mimi...

Jioni mkewe akafika. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hata hakuitikia, akanikumbatia tu. "Mwanangu, nimeambiwa hukumwacha. Bila wewe leo ningekuwa mjane."

Nilitaka kumwambia ukweli pale pale. Badala yake nikamsogezea kiti.

Kisha mzee mwenyewe, kwa sauti ndogo, akaniomba radhi kwa kutuharibia zoezi.

"Usijali, mzee wangu," nikamjibu.

Yaani mimi ndiye niliyemsamehe yeye.