Kitunguu Saumu Umejifunzia Jiko la Nani?

Baba Watoto,

Nimewahi kazini. Kitunguu saumu kiko kwenye bakuli la bluu. Tenganisha punje, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu mpaka maganda yalegee, ndipo umenye. Ukate na kile kitako kigumu. Moto uwe mdogo, kikiungua kinakuwa kichungu.

Unashangaa nakuelekeza? Si wewe miaka yote unaniambia hujui hata kushika kisu! Leo asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni, hukuniona. Uliweka punje ubaoni, ukalaza kisu bapa juu yake, ukagonga kwa kiganja, ganda likatoka lenyewe. Tena ulikuwa unaangalia dirishani, unapiga mluzi.

Humu ndani tunaloweka. Mama yako naye analoweka, na ndiye aliyenifundisha mimi. Huko kugonga umefundishwa na nani? Usiniambie umebahatisha. Mkono ule umezoea.

~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikirudi.

Wali upike wa kutosha. Nimempigia mama yako simu, anakuja kula. Nilipomsimulia alisema: “Hata marehemu baba yake alianza hivyohivyo.”

Mama Watoto