Mzee Mongi na Kaka Yangu

Jumatatu, 4 Novemba
Kituoni tumepata mpishi mpya wa kujitolea. Mzee Mongi, dereva wa treni mstaafu. Naye aliwahi kuugua akili kama sisi. Bi Salwa, msimamizi wetu, kanipanga naye jikoni. Nakata vitunguu, ananihoji. Unakaa wapi? Na nani? Usiku unalala? Nikamwambia, wewe mpishi au askari? Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu wa kuulizia usingizi wa mwenzake siku ya kwanza ana lake jambo.

Jumatano, 6 Novemba
Kuskusi kwa samaki. Tamu, sikatai. Baadaye nikafundisha darasa langu la hesabu, wanafunzi watano, wote wagonjwa wenzangu. Yule mzee kasimama mlangoni mwanzo hadi mwisho. Hana daftari wala kalamu. Anatazama nini?

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemwona! Mkahawani, ng'ambo ya kituo, kakaa na kaka yangu Ridha. Ridha kamwekea mkono begani kama marafiki wa miaka.
Nyumbani, wakati wa chakula, nikamuuliza Ridha, unamjua mpishi wetu? "Mpishi gani tena, Najiba? Dawa umekunywa?"
Nimekunywa.

Ijumaa, 8 Novemba
Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Miaka mitatu iliyopita niliivunja mita ya maji kwa nyundo. Niliamini majirani wameficha humo kitu cha kunisikiliza. Ndivyo nilivyoacha ualimu. Sasa nikishuku jambo, nani ataniamini? Hata mimi sijiamini.
Lakini ule mkono begani niliuona.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimemweleza Bi Salwa. Hakushtuka. Akaniuliza, umeona nini kwa macho, na kichwani umeongeza nini? Kwa macho: watu wawili, kahawa, mkono. Mengine yote ya kichwani.
"Basi muulize mwenyewe, mwalimu."
Rahisi kusema! Sikumuuliza. Nikaunguza vitunguu sufuria nzima.

Jumanne, 12 Novemba
Tarishi wa mahakama kaja Ridha hayupo. Barua nimeipokea mimi. Kaka yangu anaomba awe msimamizi wangu wa kisheria — anitilie sahihi, aamue nikae wapi. Shauri litasikilizwa Alhamisi ya wiki ijayo.
Kumbe! Kwanza nilifurahi. Naam, nilifurahi! Haikuwa ugonjwa, nilikuwa naona sawasawa. Kisha nikakaa sakafuni nikalia.
Ridha aliporudi nikamnyooshea barua. Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. "Ni kwa faida yako, mdogo wangu. Nikifa leo nani atakuangalia? Kuna nyumba nzuri ya wagonjwa huko Tunis."
Tunis! Mimi nimezaliwa hapa Sfax, nyumba hii hii.

Jumatano, 13 Novemba
Nimemuuliza mzee Mongi. Kisu nilikiweka chini kwanza, watu wasije wakasema.
"Kaka yako alinifuata kutoka langoni hadi mkahawani," akasema. "Alitaka nikaseme mahakamani kwamba umezidiwa."
"Ukamjibuje?"
"Nikamwambia nitakwenda."
"Utakwenda!"
"Nitakwenda. Nitasema nilichokiona."
Kaona nini huyu? Kaniona nikimfokea. Kaona vitunguu vyeusi. Nikamuuliza, na yale maswali ya siku ya kwanza, nani alikutuma? Akaendelea kumenya karoti.
"Nilipotoka hospitali nilikaa miezi kumi, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala."
Jibu zuri. Zuri mno. Mtu aliyetumwa naye angejibu vivyo hivyo.

Alhamisi, 21 Novemba
Naandika nikiwa kwenye benchi la mahakama.
Mzee Mongi kafika amevaa koti la reli, vifungo vyote. Akamsalimia Ridha kwanza! Kwa mkono! Kisha mimi, kwa kichwa tu.
Hakimu ni mwanamke. Kaniuliza tarehe, dawa zangu, nafanya nini mchana. Nikamwambia nafundisha hesabu. Akaandika. Kisha Ridha na mimi tukaambiwa tutoke, mzee akabaki.
Dakika ishirini sasa. Bi Salwa, aliyenisindikiza, kaenda kutafuta maji. Mlango mnene. Sauti ya mzee naisikia, maneno siyapati. Mara inapanda — yeye asiyepandisha sauti hata mafuta yakimrukia! Anagomba na nani? Kwa ajili yangu, au dhidi yangu? Sijui. Nasema sijui, na kichwani siongezi kitu.
Ridha hatulii. Anatembea, anarudi, anatazama saa. Jasho limemlowesha kola. "Yule mzee anasema nini humo? Eh? Wamepanga kitu na yule hakimu, nakwambia!"
Sasa kaenda mlangoni. Kainama. Kaka yangu mwenye akili timamu kabandika sikio kwenye mbao, na watu wanamtazama.
Nimemwambia, "Njoo ukae, kaka. Wataita."
Hakuja. Nimesogea, nimemwachia nafasi kwenye benchi.