Boma la Tatu la Kindu

Jumatatu, 5 Rajabu 1310

Nimeanika mpunga asubuhi, mvua ikaja, nikaanua. Jua likatoka, nikaanika tena. Mvua ikaja tena. Nimeuacha ndani, uote ukitaka.

Masudi alipita na watu wa miti. Siku hizi mume wangu hana habari nyingine ila miti. Kila nyumba ilete, iliyonyooka, minene kama paja. Yangu nimekwisha kupeleka. Watu wa misafara wanasema Wazungu na askari wao wanashuka na mto, na mkubwa wa mji anataka boma jipya.

Kwangu hili ni la tatu. La kwanza lilikuwa la miiba, wakati wa marehemu baba, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyefika hapa kutoka Kilwa. Lilizuia chui na mbuzi, na mbuzi lilizuia kwa shida. La pili la miti, safu moja, wakubwa wetu walipogombania pembe na wakubwa wa ng'ambo. Mchwa wakalila kabla adui hajaliona. Hili litakuwa safu mbili, udongo katikati, handaki nje, matundu ya bunduki yakitazama Lualaba, na mlango wa mto wa kuteremkia mitumbwini. Masudi ndiye msimamizi. Anatembea kifua mbele utadhani miti yote kaizaa yeye.

Alhamisi, 8 Rajabu

Leo wamepima. Kamba ndefu, vigingi, Masudi mbele anaelekeza kwa fimbo. Nilikuwa natwanga. Nikaona kamba inapita nyuma ya nyumba ya Bi Salma, mke mkubwa wa Masudi, halafu inakata kona. Mbele ya mlango wangu.

Nilidhani wamekosea. Nikacheka. Nikamwambia, mume wangu, watu wako wamelewa, wamenitoa nje. Hakucheka. Alitazama fimbo yake.

Nyumba ya Bi Salma ndani. Yangu nje. Kati yetu palikuwa na banda la kuku tu.

Sikutwanga tena. Mchi umo kinuni mpaka sasa.

Ijumaa, 9 Rajabu

Masudi alikuja baada ya sala. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Amesema mimi mkewe nitaingia, nimetengewa chumba kwa Bi Salma. Mama yangu, ninayekaa naye, haingii.

Ni amri ya mkubwa. Hakuna Mgenya atakayelala ndani ya boma. Wagenya, watu wa mto kama mama, ndio wenye mitumbwi, watawavusha Wazungu, basi kila Mgenya ni mpelelezi. Mama yangu mpelelezi! Jicho moja lilikufa kwa ndui tangu usichana wake, la pili linaona ukungu. Atapeleleza nini, harufu?

Nilimkumbusha Masudi kwamba huyu ndiye aliyemuuguza alipofika hapa na homa, hana hata kikoi cha kubadilisha. Akasema amri si yake. Na fimbo ilikuwa mkononi mwa nani?

Namchukia. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumanne, 13 Rajabu

Wanawake wote wa mtoni wameamriwa kusokota kamba za kufungia miti. Mama yumo. Anasokota tangu asubuhi, miguu kainyosha, anaimba kidogo. Kazi hiyo haihitaji macho.

Nilishindwa kumwambia. Nikaenda kuteka maji, nikarudi, nikashindwa. Jioni nikamwambia yote, boma hili si lako, kamba hizi zinakufungia nje. Alinisikiliza. Mikono haikusimama. Akasema nyumba yetu haivuji, inatosha.

Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Jumatano, 21 Rajabu

Mlango umefungwa. Wameingia na kuku, mbuzi, magunia ya mpunga, wapagazi, watoto, wagonjwa. Nyumba moja sasa inalaza ukoo mzima.

Mimi niko nje. Nilifunga mzigo wangu, nikaufungua. Nikaufunga tena. Mama hakuniomba nibaki. Angeniomba labda ningekasirika nikaenda.

Masudi amesema basi nikae na mama yangu, risasi haichagui. Bi Salma akapaza sauti toka ndani kwamba ni heri, nyumba yake haitanuka samaki. Nilimjibu. Nilichomjibu sikiandiki. Baba alinifundisha herufi kwa ajili ya Kurani.

Upande wetu mvua imewazuia kujaza udongo katikati ya miti. Kila wasemacho ndani nakisikia. Wanacheka sana.

Jumamosi, 1 Shaabani

Ndui. Ndui imo bomani.

Mpagazi mmoja aliingia na homa, wakadhani ni homa ya siku zote. Sasa vipele vimemtoka uso mzima, na waliolala karibu naye wanaanza kuugua. Nimemsikia mwanamke akipiga yowe upande wa mlangoni, kisha mwingine. Walinzi hawamruhusu mtu kutoka. Mkubwa anaogopa habari ikienea Wazungu watajua boma limeoza ndani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki wamekifungia mlango wenyewe.

Naogopa. Mimi sijapata kuugua ndui.

Jumatatu, 3 Shaabani

Masudi amekuja nyuma ya miti. Nilisikia jina langu, Zaina, Zaina, nisiitambue sauti.

Hakuuliza hali yangu. Anamtaka mama. Aliyeugua ndui akapona haimrudii, kila mtu anajua, na mle ndani waliopona zamani ni wachache, wamechoka. Binti yake mwenyewe, Mwanaidi, aliyezaa na Bi Salma, vipele vimemjaa mpaka mdomoni. Hali, hanywi. Mkubwa ametoa ruhusa. Amri imelegezwa kwa Mgenya mmoja!

Maneno yalinitoka yote pamoja. Nilimwambia mpelelezi hayupo, ameenda kwa Wazungu. Nilimwambia asubiri mpaka mito ikauke. Nikageuka niondoke.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, amekwisha kujifunga nguo ya kazi.

Jumanne, 4 Shaabani

Ameingia.

Nilimshika mkono. Nililia mbele za watu. Nilimwambia, mama, hawa walikukataa. Akasema, "Batoto banalia kule. Mi nasikia toka juzi. Iko nani wa kubapa maji?"

Akachukua kibuyu chake. Mlango ukafunguliwa nafasi ya mtu mmoja, ukafungwa. Masudi alikuwa hapo ndani. Hakumwamkia mkwewe, alimsogezea njia tu.

Siamini. Nimekaa hapa nimeandika kwamba ameingia, nimelitazama neno hilo, na bado siamini. Nilikataa kuingia kwa ajili yake. Sasa yeye yumo na mimi nimebaki na nyumba isiyovuja.

Jumamosi, 8 Shaabani

Tunazungumza kupitia nafasi za miti, mama upande wake, mimi wangu. Ananitaka nikae mbali kidogo. Namletea muhogo na mawese, naweka chini, naondoka, ndipo anapitisha mkono. Ameniambia waliokufa. Wengine nilisoma nao kwa baba.

Mwanaidi amekunywa uji jana. Mama alisema hivyo kwa furaha, kana kwamba ni mjukuu wake.

Alhamisi, 20 Shaabani

Wamekimbia. Ya Rabi, wamekimbia!

Jana ilifika habari kwamba mji wa juu ya mto umeanguka mikononi mwa Wazungu. Leo alfajiri mlango wa mto uko wazi, mitumbwi hakuna hata mmoja. Mkubwa hayupo. Walinzi hawapo, bunduki hazipo, pembe hazipo. Na Masudi. Msimamizi wa boma ameondoka kwa mlango alioujenga mwenyewe. Amemwacha Mwanaidi. Amemwacha Bi Salma, ambaye ndui imemshika wiki hii na hawezi kuinua kichwa.

Nilisimama kwenye matope nikitazama maji. Nilidhani namjua mtu yule. Boma halijapigwa hata risasi moja.

Nilikimbilia mlango wa nchi kavu niingie kwa mama. Hauna mlinzi, nimeusukuma umefunguka. Mama alinisikia. Alinikemea kwa ukali ambao sijausikia tangu utoto, nisitie mguu mpaka vidonda vya wote vikauke. Nimerudi nyuma. Nimeurudishia mlango mwenyewe, kwa mikono yangu.

Jumapili, 23 Shaabani

Bi Salma amefariki asubuhi.

Mle ndani hakuna mwanamke mwenye nguvu za kusimama ila mama. Aliniita nyuma ya miti. Hakusilimu mama, hata baba alipombembeleza. Alitaka kujua sisi tunawaosha vipi watu wetu.

Nilikaa chini. Nikamweleza. Amfunike nguo, asimwache wazi. Ambonye tumbo taratibu, amsafishe. Amtie udhu kama ninavyotawadha mimi. Kisha kichwa, kisha upande wa kuume, ndipo wa kushoto. Mara tatu. Hatuna majani ya mkunazi, hatuna kafuri. Maji ya mto.

"Sasa mukono gani njo ya kwanza?"

Wa kuume, mama.

Alirudia kila nilichosema. Mahali niliposahau alingoja. Sijui kama maiti aliyeoshwa hivi ameoshwa. Baba angejua. Mimi nilisema bismillahi kwa sauti, yeye akamimina, nikasikia maji yakishuka. Sikumpenda Bi Salma. Leo nimemlilia.

Merikani ya sanda imepatikana sandukuni mwake. Wazee wawili waliopata nafuu wanachimba kaburi. Mwanaidi amelala.

Tulipomaliza mama akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sijala.