Baba Anamtukana Kocha Redioni kwa Sababu ya Goti Langu

Mpendwa Bi Verna, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana hapa nilipo hata kula kunanishinda na sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mchezaji wa mpira wa kikapu katika chuo kimoja hapa Nebraska, niko mwaka wa mwisho, na nimelelewa na baba peke yake tangu mama alipofariki nikiwa darasa la sita, baba ambaye ni fundi wa visima na hajawahi kucheza mpira wowote, lakini ndiye aliyenigongea kikapu ukutani mwa ghala akawa anasimama chini yake kwenye theluji, kavaa glavu za kazi, akinirudishia mpira mara mia mbili kila siku. Sasa mwezi wa Novemba goti langu la kushoto liliachia mazoezini, mara ya tatu hiyo, na daktari akasema gegedu limekwisha, nikirudi uwanjani nitashika mkongojo kabla sijafika miaka thelathini, basi mpira kwangu ukaishia hapo. Nilimpigia baba siku ileile, ila kabla sijasema neno akaniambia kwa furaha kwamba amepiga picha ya pasipoti, kavaa tai aliyofungia ndoa, kwa sababu nikienda kucheza Ulaya lazima na yeye awepo. Bi Verna, nilimwambia hongera, nikakata simu.

Nikamwomba kocha wetu, mzee Lindqvist, aniache nivae jezi na kupasha misuli na wenzangu halafu nikae benchi, ili baba adhani ni uamuzi wa kocha tu, nami nitafute siku nzuri ya kusema. Kocha akakubali, akaahidi hatamwambia mtu. Siku nzuri haikuja, kilichokuja ni baba kumchukia kocha. Kila baada ya mechi redio ya hapa huwafungulia mashabiki simu, na baba ndiye wa kwanza: "Ni mimi, Milo, naongea! Huyo kocha wenu hata kuku hawezi kuwapanga bandani! Mwanangu mzima kabisa, mmemwona wenyewe akipasha! Ana kinyongo gani na mtoto wa watu?" Mtangazaji hucheka, mji mzima hucheka, siku hizi hata wanafunzi wa shule wanamwita mzee Lindqvist Kocha Kuku. Akija uwanjani baba huleta sanduku la kolachi, ile mikate yetu yenye jemu katikati, akagawa kwa wachezaji, kwa mfagiaji, hata kwa waamuzi, na akifika kwa kocha anafunika sanduku. Juzi nilimwomba kocha msamaha huku nalia, akasema, "Acha bwana. Nimeshatukanwa na watu wanaojua mpira kuliko baba yako. Wewe mtafutie mzee wako siku."

Sasa hiyo Jumamosi tunaagwa sisi wa mwaka wa mwisho, kila mmoja hutembea na mzazi wake hadi katikati ya uwanja, na kocha hutupokea kwa mkono, na baba ameshatangaza redioni kwamba mkono ule hataushika, atampa mgongo watu wote wakiona. Je, nimwambie sasa nimvunje moyo, au nivumilie siku hiyo moja ipite, nije nimwambie taratibu wakati wa kiangazi?

Mwenye Goti

Mwanangu Mwenye Goti,

Pole sana. Umefiwa na kitu ulichokipenda tangu utotoni, na hukupata hata mtu mmoja wa kukaa naye matanga. Ungekuwa karibu ningekukalisha jikoni kwangu nikakupikia supu. Lakini nisikilize, maana nimekukasirikia pia.

Unamficha baba ili asiumie? Toka hapa! Kwani sasa hivi haumii? Anaamini mwanawe anaonewa na yeye hana la kufanya ila kupiga simu. Umemwondolea huzuni ya kweli ukampa ya uongo, tena hii inamfanya kituko. Mimi mwenyewe humsikiliza nikikunja nguo, nilicheka, na leo naona haya. Na yule kocha amemeza matusi miezi mitatu kwa ajili ya ahadi aliyokupa wewe.

Ati kiangazi! Kufikia kiangazi baba yako atakuwa ameshampa mgongo mtu aliyekusitiri, mbele ya mji mzima. Siku atakapoujua ukweli hatalilia goti lako, atalilia mgongo ule, na hutakuwa na dawa ya kumpa.

Tena kuna jambo hulioni. Unadhani baba yako anapenda mpira. Huyu mtu alimzika mkewe akabaki na mtoto, na mtoto alipenda kikapu, basi akasimama chini ya kikapu. Ungependa kuvua samaki, angekubebea ndoo. Hata Ulaya anataka kwenda kwa sababu wewe utakuwa huko.

Kwa hiyo Jumapili hii nenda nyumbani. Usipige simu, usitume ujumbe. Mkute karakanani akiwa na kazi mikononi, maana wanaume wa huku husikia vizuri wakiwa wameshika spana. Mwambie, "Baba, goti limekwisha tangu Novemba, na mimi ndiye niliyemwomba kocha anyamaze." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie na wewe ulie. Akikukaripia, pokea, umeyataka mwenyewe.

Jibu hili nimekutumia kwanza wewe kwa posta. Sitalichapa hadi unipigie kuniambia baba anajua, na majina nimeyabadilisha, ingawa kwa mji huu ni kazi bure.

Siku ya Jumamosi, mkikaribia katikati ya uwanja, punguza mwendo. Baki nyuma hatua mbili, uwaache wazee wale wawili wakutane wenyewe, na usisogee mpaka baba yako ageuke kukutafuta.