Mwanangu Amemwita Bibi Yake Mwizi

Mpendwa Mama Gertruda, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na majuto makubwa, naomba unisaidie kabla ya Noeli, kwa sababu Noeli hii ikipita bila mama mkwe wangu kukanyaga kwangu sijui kama atakuja tena.

Kila mwaka tukishauza kahawa, jumuiya yetu hukodi lori tukateremka Mbamba Bay kupumzika, watu wazima wanakula samaki na watoto wanaoga ziwani, na mwaka huu nilikwenda na mwanangu Methodi mwenye miaka sita, tukafika salama, tukaimba, tukala, mara namwona ameinama kwenye kichanja cha mama mmoja wa pale aliyeanika usipa, wale dagaa wa ziwani, anaokota mmoja mmoja anatafuna bila wasiwasi wowote, na wanajumuiya wenzangu wote wanamtazama yeye kisha wananitazama mimi, basi uso ukaniwaka kwa aibu, nikavua kandambili nikamchapa mbele za watu, naye analia, "Sikubeba, mama! Nimekula tu!"

Mwenye usipa akaja mbio, akanishika mkono, akasema, "Mwache, mama, mtoto akila si wizi, hata wa kwetu wanakula hapa hapa." Ndiyo kwanza nikazidisha, maana niliona ananihurumia, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Siku hizi hakuna cha bure! Anayegusa cha mtu bila kulipa ni mwizi, awe nani!"

Mama Gertruda, ukweli ni kwamba nilimwelewa mtoto vizuri sana. Kwetu milimani, na mimi nimelelewa hivyo, mwenye njaa akipita kwenye shamba la mtu anakula pale pale, habebi. Mama mkwe wangu, anayekaa Namswea, ndiye aliyemfundisha Methodi, namsikia hata sasa akimwambia, "Tumbo likibeba si wizi, kapu likibeba ni wizi." Lakini sisi tunakaa Mbinga mjini, tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe mume wangu Victor amepata kazi kwa mmoja wao, na mimi nina genge la nyanya na vitunguu, na sokoni nimeona kwa macho yangu kijana akipigwa mpaka kuzimia kwa ajili ya embe, nikajiambia heri wangu alie leo.

Sasa mwezi uliopita tulikwenda Namswea, tukawa tunatoka misa na bibi, njiani akachuma ndizi mbivu moja kwenye mgomba wa jirani yake Mzee Bartholomayo, akampa mjukuu wake maana alikuwa analalamika njaa. Methodi akaitupa chini akapiga kelele, "Bibi mwizi! Bibi mwizi!" na waumini wote wako njiani. Mzee Bartholomayo mwenyewe alicheka, lakini bibi hakucheka. Aliokota ile ndizi, akaifuta vumbi, akaiweka juu ya jani la mgomba. Tulipoaga akaniambia, "Mwanangu, Noeli mle wenyewe. Mimi nimezeeka, sitaki wajukuu wafiche vitu nikiingia."

Na mtoto tangu Mbamba Bay hapokei chakula cha mtu. Jirani akimpa kiazi ananitazama kwanza, ananiuliza, "Tumelipa?" Siku ya Noeli watoto wote watapita nyumba hadi nyumba wakila wali, wangu atakaa mlangoni. Nataka kumwomba radhi, lakini Victor anasema mzazi akimwomba mtoto radhi atapandwa kichwani. Tena naogopa nikimlegezea, kesho atapigwa sokoni. Nifanye nini?

Mama Methodi (jina tumelibadilisha), Mbinga

MAMA GERTRUDA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo vumilia.

Utaniambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini walisema umkunje, hawakusema umvunje. Mwenye mali amekuambia hakuna wizi, wewe umeendelea kuchapa. Ulikuwa unamfundisha nani hapo? Si mtoto. Ulikuwa unawaonyesha wanajumuiya kwamba wewe ni mama wa mjini anayejua kulea. Kandambili ilikuwa ya mtoto, hotuba ilikuwa yao.

Hofu yako ya sokoni siidharau. Embe la genge si ndizi ya shambani, na mtoto wa miaka sita anaweza kabisa kuelewa hilo akielezwa taratibu, kama anavyoelewa kwamba kanisani hatukimbii na uwanjani tunakimbia. Mfundishe neno moja: "Naomba." Mwenye kitu akiwepo, aombe. Akikubaliwa, ale na ashukuru. Akikataliwa, aondoke bila kununa. Asipokuwepo, akuulize wewe. Kwa neno hilo atapita sokoni, atapita shambani, na siku ya Noeli ataingia nyumba yoyote. Wewe hukumpa neno, ulimpa kandambili na bei.

Halafu acha kusema sheria ya mama mkwe wako imepitwa na wakati. Yule mzee hakumfundisha mtoto kuchukua, alimfundisha kiasi. Ni watu wazima wangapi siku hizi wenye ofisi na magari wanaojua tofauti ya tumbo na kapu? Mtoto wako alikuwa anaijua. Aliitamka huku analia, na wewe uliyeielewa ukajifanya kiziwi. Hilo ndilo linalokunyima usingizi, si ile ndizi.

Victor mwambie nimemsikia. Mtoto hampandi kichwani mzazi aliyesema "nimekosea." Humpanda yule anayemjua kuwa amekosea na ananyamaza.

Sasa sikiliza. Usingoje mkesha wa Noeli, nenda Namswea Jumamosi hii, na Methodi uende naye. Usimtume Victor, wala usipeleke salamu kwa mtu wa basi. Ukifika, msalimie mama mkwe wako kwa heshima zote, kisha umwambie mtoto akiwa amesimama hapo hapo, bibi akisikia: "Siku ile ziwani hukuiba. Mama aliona aibu, akakupiga bure, akakufundisha vibaya. Bibi si mwizi." Usizunguke, usitie "lakini." Mtoto atamwomba bibi yake radhi mwenyewe akiona mama yake ameanza, usimsukume.

Ninajua utakuwa umebeba sukari na kitenge. Vizuri. Ila kama njiani utaona maneno yale hayatatoka mdomoni mwako, geuza urudi nyumbani na sukari yako, kwa sababu ukimpa mzee huyo zawadi bila kumsafisha jina mbele ya mjukuu wake, utakuwa umekwenda kumlipa anyamaze.