Sura Yako Kwenye Chupa

Shikamoo, Shangazi.

Nimeandika salamu halafu nikakaa nasubiri, kama mjinga. Ni mazoea. Miaka yote niliyofanya kazi na wewe kwenye kibanda chetu cha dawa za asili hapa Kariakoo, siku haikuanza mpaka shikamoo yangu ipate marahaba yako. Hata ulipofika mahali pa kuniita kwa jina la dada yako marehemu, marahaba ilikuwa inakuja palepale.

Nakuandikia kwa sababu nimechukia, na nikimwambia mtu mwingine ataniambia nina wivu. Nasikia kinyaa, Shangazi, kama cha mtu aliyekuta nywele kwenye uji akiwa ameshaumeza nusu. Nitaanza na mwanao, lakini sitaishia kwake.

Sudi amekuweka kwenye chupa. Wiki moja tu baada ya arobaini yako, mikeka ya hitima hatujairudisha kwa majirani, alikuja kibandani na maboksi. Vichupa vya plastiki, maji ya njano ndani, na sura yako kwenye lebo. Ameiita Kumbukumbu ya Bi Chiku. Chini ameandika kwamba ni dawa ya kusahau na ya uvimbe wa ubongo, na kwamba bibi huyu aliinywa maisha yake yote na akili yake haikutetereka mpaka mwisho.

Haikutetereka! Wewe uliyepotea ukienda msalani.

Na picha yenyewe naijua, niliipiga mimi kwa simu yangu mwaka wako wa mwisho. Nilipokuonyesha uliuliza, "Huyu bibi katokea wapi, na mbona kavaa kanga yangu?" Tukacheka wote wawili, kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikalia. Picha hiyo ndiyo inauza dawa ya kumbukumbu.

Unataka kujua kilichomo ndani? Ile binzari iliyoota ukungu kwenye gunia, uliyosema tuitupe ukasahau, mimi nikachelewa kuitupa. Maji ya kisima. Rangi ya chakula, kwa sababu binzari peke yake haikukolea vya kutosha kumpendeza. Anachemsha vyote uani kwenye sufuria, anapoozea kwenye ndoo iliyokuwa na rangi ya ukuta, na weupe wa rangi bado umeganda pembeni. Siku moja niliona mende anaelea. Sudi akamtoa kwa kidole, akajifuta kwenye suruali, akaendelea kukoroga. Nilimwambia huu ni uchafu. Akanijibu, "Tatu, acha ushamba. Watu wananunua sura ya mama, hawanunui maji."

Alisema kweli, na hilo ndilo linalonitapisha zaidi.

Unamkumbuka yule dada mfamasia wa chuo, aliyekuja na daftari kuuliza majina ya mizizi yetu? Ulimpenda kwa sababu alikunywa chai yako bila kuangalia kwanza ndani ya kikombe. Alituambia kwamba ile rangi ya njano ya binzari wanaichunguza kweli, na kwamba kwenye vyombo vya maabara imeonekana kutuliza uvimbe kwenye chembe za ubongo. Lakini akasema chombo cha maabara si kichwa cha mtu. Ukiimeza, nyingi inapita tu tumboni, hata damu haiipati vizuri, na kutoka kwenye damu mpaka ubongoni ni safari nyingine. Akasema pia ipo dawa moja ya hospitali ya kusahau iliyotokana na maua ya Ulaya, nayo haiponyi, inawasaidia baadhi ya watu kwa muda, na ilipimwa miaka mingi kabla mtu hajaandikiwa. Ukamsikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Basi mwanangu, mimi nauza viungo vya pilau." Kuanzia siku hiyo, mtu akija kuulizia dawa ya kusahau ulimwambia ampeleke mgonjwa hospitali, na binzari akapikie.

Mimi ndiye niliyekaidi. Ulipoanza kusahau, nilikukorogea binzari na maziwa kila asubuhi karibu mwaka mzima kabla sijakupeleka kwa daktari. Nilijiambia labda. Shangazi, hakuna mtu Kariakoo nzima aliyekunywa binzari kukuzidi wewe. Kama ingekuwa kinga, ingekukinga wewe kwanza.

Maana uliionja kila siku. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda chetu na wateja wote waliijua, kwamba hukuuza kitu cha kunywa mpaka umimine kwenye kile kikombe chako cha bati, unywe mbele ya mteja, ndipo umpe. "Mdomo wangu kwanza," ulikuwa unasema. Hata ugonjwa ulipokukolea hukuacha. Ulikuwa unaonja, unaweka kikombe chini, unakiona, unadhani hujaonja, unamimina tena. Yule mzee muuza samaki wa Feri alikusubiri mpaka mara ya tano, akasema, "Sasa hii nina hakika nayo." Tulikutania wiki nzima na wewe ukacheka, ingawa hukujua tunachekea nini.

Sasa nifike kwangu.

Alikuja Mama Neema, fundi cherehani wa Buguruni, yule aliyekuwa ananunua kwako mchaichai na iliki. Mama yake mzazi naye ameanza kusahau. Alikuwa tayari amempa chupa mbili za Sudi, na alinieleza kwa furaha kwamba wameacha kliniki na vidonge vya presha, maana Bi Chiku wanamwamini. Alitaka chupa ya tatu. Akanipa kikombe chako, kilikuwa palepale mezani, akasema, "Onja kwanza, kama shangazi yako."

Nilimimina. Nikamkumbuka yule mende. Nikakipeleka kikombe mdomoni, nikabana midomo, nikatikisa koo kama mtu anayemeza. Nikafuta mdomo mkavu kwa kiganja, nikamkabidhi chupa.

Akanishukuru. Akasema, "Mungu akuzidishie."

Alipoondoka nilimwaga kilichokuwa kikombeni, nikakisugua kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Sudi alikoroga uchafu, lakini hakuna aliyemwomba aonje. Mimi niliombwa.

Kesho yake nilikwenda Buguruni, nikamuulizia fundi mpaka nikampata. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba chao, gauni limejaa madoa ya njano kifuani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba upesi, vilevile kama wewe. Nikamwambia bintiye kila kitu. Ndoo, ukungu, mende. Nikamwambia ulikufa hujui jina lako. Mwisho nikamwambia kwamba sikunywa.

Hakupiga kelele. Alimimina chupa kwenye mtaro, akasema, "Ulikuwa unanitazama machoni." Basi. Akarudi kwenye cherehani yake. Nilisimama pale mpaka mama yake akaniuliza kwa upole kama nimekuja kupima nguo.

Nilirudi kibandani nikaloweka lebo za boksi zima, nikazibandua. Sudi alinitukana, akasema mama ni wake na sura ni yake, na mimi nikatafute kwangu. Bado anauza. Nimewaeleza wateja wetu wa zamani mmoja mmoja, wengine wameelewa, wengine wameniita mchawi. Zile lebo nilishindwa kuzitupa jalalani, Shangazi. Sura zako zote zile, zimelowa, zimejikunja. Nimezianika na ziko kwangu, na sijui nizifanyeje.

Sasa nina meza yangu ndogo Mchikichini, pembeni ya wauza viatu. Nauza tangawizi, mchaichai, iliki, na binzari ya pilau. Dawa ya kusahau sina, na anayeuliza namwambia hivyo. Alhamisi Mama Neema anampeleka mama yake kliniki. Hajanisamehe, ila ameniruhusu nimshike bibi mkono wa pili.

Uliondoka umesahau jina langu na la mwanao, lakini kuonja hukusahau. Mimi niliyekuwa nakumbuka kila kitu nilibana midomo.

Kikombe nilikichukua kabla Sudi hajabadilisha kufuli, nacho kipo hapa mezani. Nakuahidi hakitaguswa tena na midomo iliyofungwa.

Pumzika, Shangazi. Wa kwanza asubuhi hii ni yule mzee wa Feri, amekuja mpaka huku kunitafuta. Anataka tangawizi, na anasubiri nimimine.

Mwanao,
Tatu